Masihara ya Kiingereza: jinsi ya kulisoma, kulitumia na kulifasiri neno “facetiously”

Ukikutana na neno “facetiously” katika riwaya au barua pepe ya Kiingereza, usikimbilie kuandika “kwa utani” ukapita. Hutakuwa umekosea sana, lakini utakuwa umeacha nje jambo ambalo Mwingereza analisikia papo hapo. Neno hili ni kielezi: linaeleza namna mtu alivyosema au alivyoandika. Aliyesema “facetiously” amesema la kuchekesha, hakulimaanisha kama lilivyo, na mara nyingi amelisema pale ambapo wenzake walikuwa wanangoja jibu la maana. Hilo la tatu ndilo linalotuponyoka wengi.

Chukua kikao cha ofisi. Mhasibu anauliza fedha za kununulia jenereta zitatoka wapi. Mjumbe mmoja anajibu, “Tuuze gari la mkurugenzi.” Wawili watatu wanacheka, mhasibu hacheki. Anayeandika habari za kikao hicho kwa Kiingereza atasema mjumbe alijibu “facetiously”. Hakumtukana mkurugenzi wala hakumkebehi mhasibu. Hakudanganya pia, maana hakutarajia mtu amwamini. Alipewa swali zito akalijibu kwa wepesi, na kama wepesi huo ulifaa au haukufaa, hapo wanakikao wenyewe hawatakubaliana.

Tumalize kwanza la matamshi na tahajia. Mkazo uko kwenye silabi ya pili: fa-SII-shas-li. Herufi ya c hapa inasikika kama s, na kile kipande kirefu cha “tious” kinafupishwa kuwa “shas” tu. Kuhusu tahajia una bahati. Irabu tano ulizoziimba darasa la kwanza, a, e, i, o, u, zimo zote ndani yake, kila moja mara moja tu, na kwa mpangilio uleule. Ukifika mwisho unaongeza y, ambayo kwa Waingereza nayo hufanya kazi ya irabu. Maneno ya namna hiyo kwao ni machache; jingine linalotajwa sana ni “abstemiously”, la mtu anayejizuia katika kula na kunywa. Kwa hiyo ukisahau kama e inatangulia i, imba.

Lilikotoka

Mzizi ni wa Kilatini. Warumi walimwita “facetus” mtu mwenye maneno mazuri, mwepesi wa akili, mwenye adabu za kimjini. Ilikuwa sifa ya kujivunia. Vichekesho na maneno ya ucheshi yenyewe waliyaita “facetiae”. Cicero, wakili na mwanasiasa aliyejulikana Roma nzima kwa ulimi wake, aliandika kitabu kuhusu kazi ya msemaji mwaka 55 KK, na sehemu ndefu ya juzuu ya pili anaitumia kujadili namna ya kuchekesha mahakamani. Anayezungumza humo anaugawa ucheshi mara mbili. Kuna ule uliotandazwa katika hotuba nzima, wa mtu anayesimulia kisa toka mwanzo hadi mwisho watu wakiwa na tabasamu. Na kuna ule mfupi mkali, neno moja linalorushwa na kuchoma. Sisi wa pili huu tungeuita kijembe.

Kinachotufaa zaidi ni mipaka anayoiweka. Anasema uovu mkubwa, wa kiwango cha jinai, usichekwe, kwa sababu unastahili kupigwa kwa silaha nzito kuliko kicheko. Na dhiki kubwa nayo isichekwe, kwa sababu wasikilizaji hawatapenda kumwona mnyonge akidhihakiwa. Iangalie vizuri kanuni hiyo: haimuulizi mchekeshaji ana uhusiano gani na anayechekwa, inamuuliza anacheka nini. Tutairudia baada ya kidogo, kwani ndipo Kiingereza na Kiswahili vinapoachana.

Miaka elfu moja na mia tano baadaye neno lilipata marafiki wa aina nyingine. Poggio Bracciolini, karani wa Papa, alikusanya visa vya kuchekesha zaidi ya mia mbili akaviandika kwa Kilatini kati ya mwaka 1438 na 1452, akaviita Facetiae. Makarani wa Vatikani walikuwa na chumba chao cha kukutania na kupiga soga, wakakibatiza jina la “Bugiale”, yaani kijiwe cha uongo. Humo hakuna aliyesalimika, hata Papa mwenyewe. Visa vingi ni vya watawa wasiotulia, waume wajinga, waganga wababaishaji. Vingine ukivisoma leo mbele ya wakwe utatamani ardhi ipasuke. Poggio alifariki mwaka 1459, kitabu kikachapwa mwaka 1470, kikaenea Ulaya kote.

Wafaransa walikuwa na “facétie” na “facétieux”, na mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza wakachukua la kwao. Kwa muda mrefu lilibaki sifa. Katika kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, mtu wa namna hii bado ni mchangamfu na mwenye maneno ya kuchekesha, hana lawama yoyote. Lakini kufika karne ya 19 wauza vitabu wa Uingereza walikuwa wakilitumia lile la Kilatini, “facetiae”, kama kichwa cha sehemu fulani ya orodha zao: vitabu vya vichekesho, na pamoja navyo, kimyakimya, vitabu vya uchafu. Mnunuzi alielewa bila kuambiwa. Sidhani kwamba makarani wa Papa peke yao ndio waliolitia neno doa. Naona zaidi ni mazoea ya watu kuchoka na mchekeshaji asiyejua kunyamaza. Sifa ikitumiwa kumwelezea mtu wa hivyo mara nyingi, mwishowe inageuka kuwa lawama.

Faida ya historia hii kwako ni moja na ni ya vitendo. Kabla hujafasiri, tazama mwaka. Bwana anayeitwa “facetious” katika kitabu cha karne ya 18 huenda ni mcheshi tu, mwenye bashasha, mtu wa kualikwa karamuni. Akiitwa hivyo katika gazeti la wiki hii, kuna mtu amemkunjia uso.

Kwa nini “utani” hautoshi

Utani wetu ni haki inayotokana na uhusiano. Babu anamwita mjukuu wake wa kike “mke wangu”, na mjukuu anamjibu kwamba mume mwenyewe hana hata meno. Shemeji anamtania shemeji. Makabila nayo yana watani wake: Wazaramo na Wanyamwezi waliokutana zama za misafara, Wahehe na Wangoni waliopigana kwanza ndipo wakataniana. Mtani halisi anaweza kuingia msibani akamwigiza marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Kukasirika ndiko kungekuwa aibu. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu mahusiano ya namna hii mwaka 1940, na alichosisitiza ni hichohicho: mmoja ana ruhusa ya kumchokoza mwenzake, wakati mwingine ni wajibu kabisa, na mwenzake hana ruhusa ya kuchukia.

Sasa linganisha na Cicero. Kwa mtani, msiba uko wazi, mradi awe mtani kweli. Kwa Mwingereza, hata rafiki wa miaka mingi anaweza kuambiwa kwamba anakuwa “facetious” kama jambo lenyewe halikutaka kicheko. Sisi tunamkagua mtu, wao wanakagua jambo na wakati.

Lakini usikate tamaa, maana Kiswahili kina la kujibu. Angalia kitenzi kinachoandamana na neno. “Nina utani na Wahehe” ni habari ya uhusiano. “Unaleta utani kwenye kazi” ni habari nyingine kabisa. Hapo hakuna aliyeuliza kabila lako. Kuleta utani, kuleta masihara, kufanya mzaha na jambo: misemo hii inafanya karibu kazi yote ya “facetiously”. Tofauti iliyobaki ni kwamba kwetu fundi anayechelewesha kabati miezi miwili naye “analeta utani”, ingawa hajasema neno lolote la kuchekesha. Kwa Kiingereza lazima liwepo neno lililotamkwa au kuandikwa, na lazima liwe limekusudiwa kuchekesha.

Majirani wa kutochanganya nao

Ifikirie harusi iliyonyeshewa na mvua mpaka mahema yakaanguka. Jamaa anatazama juu na kusema, “Kweli Mungu katujalia jua zuri.” Hiyo ni kinaya, Kiingereza “ironically”: anasema kinyume cha anachokiona. Mwingine anamgeukia aliyepanga tarehe: “Hongera, ulichagua siku.” Huyo amesema “sarcastically”, na ana mtu anayemlenga; asili ya neno hilo ni Kigiriki, kitendo cha kurarua nyama, na bado unausikia mraruo. Wa tatu anashauri wageni waliobaki watumiwe mitumbwi. Huyo ndiye wetu. Pendekezo halitekelezeki, halimuumizi mtu, na halisaidii chochote wakati kamati inahangaika na sufuria za pilau. Wa nne anainua mabega: “Mvua ni mvua, dunia haijaisha.” Hakujaribu hata kuchekesha, hakujali tu; huyo ni “flippantly”. Halafu anakuja mjomba, anampiga bwana harusi begani, “Umeogeshwa bure, mwanangu,” na wote wanacheka kwa moyo mweupe. Hiyo ni “jocularly”, kutoka Kilatini “jocus”, mzaha, ukoo mmoja na neno la Kiingereza la mtu anayerusha na kudaka mipira kwenye maonyesho. Neno “jocularly” halina lawama ndani yake. Ukitaka kumsifu mtu kwa ucheshi wake, tumia hilo, au “playfully” kama ni mchezo wa upole, na uache “facetiously” kabatini.

Namna ya kuusikia mzaha huu

Tabu ni kwamba Waingereza wengi wanasema mambo haya uso ukiwa mkavu. Usitegemee tabasamu. Tegemea kipimo: pendekezo ni kubwa kuliko tatizo, au lugha ni rasmi kuliko jambo. Ukiandikiwa kwamba kutokana na kuisha kwa sukari ofisini itabidi iundwe tume huru ya uchunguzi, usianze kupendekeza wajumbe. Katika maandishi angalia pia kilichotangulia. Kama sentensi tatu za mwanzo zinahusu bajeti na ya nne inapendekeza wafanyakazi walipwe kwa ndizi, ya nne haiko nyumba moja na zile tatu.

Mwandishi mwenyewe anaweza kukusaidia. Akisema ameandika jambo “half-facetiously”, anakwambia nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo anayotaka uijibu. Akisema haulizi “facetiously”, maana yake swali lake linasikika kama mzaha ila anataka jibu. Hapa wengi huteleza: wanacheka, na mwenzao anabaki anasubiri.

Ukiwa huna hakika, usimuulize kama yuko makini. Kwa Kiingereza swali hilo linaweza kusikika kama ugomvi. Jibu upande mzito tu. “Sawa, lakini kwa wiki hii hasa ungependa tufanye nini?” Kama alikuwa anatania, atacheka na kukupa jibu la kweli. Kama hakuwa anatania, hujamdharau.

Masihara yenye bei

Kuna kauli ambayo utaisikia sana, “I was being facetious”, na watu huitumia kama kifutio: nilisema, lakini msinihesabie. Isikudanganye. Mwaka 1952, siku chache kabla ya Krismasi, watu wawili walikuwa wakinywa katika mgahawa mmoja Virginia, Marekani. Bwana Lucy alikuwa akilitaka shamba la Bwana Zehmer kwa miaka. Wakabishana kama Lucy anazo dola 50,000 au hana, na Zehmer akaandika nyuma ya karatasi ya bili ya mgahawa kwamba anamuuzia shamba kwa bei hiyo. Mkewe naye akatia saini, baada ya kunong’onezwa kwamba ni mchezo tu. Asubuhi Lucy akaanza kutafuta fedha. Zehmer alipokwenda mahakamani kujitetea kwamba alikuwa anatania, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 1954 ilisema kinachohesabika ni kile ambacho mtu wa kawaida angekielewa kutokana na maneno na matendo yake. Alichokificha moyoni ni chake mwenyewe. Shamba likauzwa. Kesi hiyo bado inafundishwa kwa wanafunzi wa sheria, na uzuri wake ni kwamba kila aliyewahi kuandika ahadi kwa mzaha huihisi tumboni.

Ya pili ni ya karibu zaidi. Januari 2010 theluji ilifunga kiwanja cha ndege cha Robin Hood, kaskazini mwa Uingereza. Kijana mmoja aliyekuwa na safari akaandika Twitter kwamba kiwanja kisipojirekebisha kwa wiki moja na ushei atakilipua. Wafanyakazi wa kiwanja hawakuona kama ni tishio la kweli, lakini taarifa ilipelekwa polisi. Mei mwaka huohuo alitiwa hatiani na kutozwa faini, na kazi akaikosa. Wachekeshaji mashuhuri, Stephen Fry akiwa mmoja wao, walimtetea hadharani. Ilichukua mpaka Julai 2012 kwa Mahakama Kuu ya London kuifuta hukumu, ikisema ujumbe wenyewe haukuwa wa kutisha, na kwamba sheria ile haikutungwa ili kuziba midomo ya wanaofanya mzaha, hata usiopendeza. Alishinda. Lakini hesabu muda: zaidi ya miaka miwili kwa sentensi iliyoandikwa kwa hasira ya abiria aliyezuiliwa na theluji.

Kwa hiyo jiwekee mipaka yako. Kwenye kiwanja cha ndege, hakuna masihara. Mbele ya ofisa wa viza, hakuna; yeye anaandika ulichosema, sauti yako haimo kwenye fomu. Kwenye mkataba, au ujumbe wa simu unaotaja bei, hakuna. Kwenye barua pepe kwa mtu usiyewahi kuonana naye uso kwa uso, ngoja mpaka yeye atangulie. Wahenga wetu walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wao hawakuwa na barua pepe.

Kulitumia na kulifasiri

Ukitaka kulitumia mwenyewe, anza kwa kujisema wewe. Kusema kwamba ulisema jambo “facetiously” ni ungwana: unakiri kwamba ulicheza kidogo. Kusema hivyo juu ya mwenzako ni kumkosoa, na akiwa mkubwa wako kazini ni kumkosoa vibaya. Badala yake sema alikuwa “joking”. Haina makali, na watu wote wataelewa. Usilitumie pia kumwelezea mtoto anayecheza, maana mtoto hana jambo zito analolikwepa.

Ukiwa unafasiri kuelekea Kiswahili, acha mazingira yachague. Katika mazungumzo, mtu anapojitetea, “natania tu” inatosha na ndiyo tunayosema. Hapo hata “utani” hauna kosa. Msimulizi wa riwaya anapoeleza jinsi mhusika alivyojibu, “akajibu kwa masihara” inashika vizuri, hasa kwa wasomaji wa Tanzania. Kwa wasomaji wa Kenya “kwa mzaha” husikika ya kawaida zaidi. Kama kuna aliyekasirika katika simulizi, mwonyeshe: “akaleta masihara wakati wenzake wanahesabu hasara” inabeba lawama ambayo neno moja lisingebeba. Usiogope kutumia maneno sita kwa kielezi kimoja. Kejeli, dhihaka na stihizai waachie wale wanaorarua nyama.

Pengine itakubidi uliache kabisa. Mwandishi mzuri wa Kiingereza akishaandika mzaha unaoonekana wazi, kisha akaongeza “facetiously”, amemwekea msomaji kibao cha barabarani ambacho Kiswahili hakikihitaji. Kama jibu lenyewe ni kuuza gari la mkurugenzi na mhasibu hacheki, msomaji wako ameshaona. Andika “alijibu” na uendelee na kikao.